Buibui wanne ndani ya nyumba moja Tanga: yupi wa kumwacha, yupi wa kumtoa?

KibarazaTanga

Habari zenu wakuu. Naomba wanaowajua buibui wanisaidie kuwatofautisha hawa wa nyumbani. Nyumba iko Tanga mjini, ya tofali za saruji, bati juu, silingibodi ya zamani iliyoachia pembeni, kibaraza mbele na stoo nyuma. Picha zimegoma kupanda, kwa hiyo naeleza kwa maneno.

Wa kwanza yuko kwenye kona zote za dari. Mwili kama punje ya mchele, miguu mirefu na myembamba kama uzi. Akiguswa na ufagio anajitikisa kwa kasi mpaka humwoni vizuri.

Wa pili ni wa stoo, anatoka usiku. Mkubwa: akitandaza miguu anakaribia kujaza kiganja. Bapa, kahawia, hana utando wowote. Mmoja wao amekumbatia kitu cheupe cha mviringo kama sarafu chini ya kifua.

Wa tatu yuko kibarazani, chini ya viti vya plastiki na kwenye ukingo wa vyungu vya maua. Kahawia, miguu ina pete za rangi nzito na hafifu, utando wake umekaa ovyo ovyo. Pembeni kuna vifuko vidogo vya mviringo vyenye vijimiba.

Wa nne ni mdogo, kijivu, yuko dirishani na ukutani mchana. Anaruka, halafu anageuka kukutazama.

Jingine: mtoto ameamka na mstari mwekundu wenye malengelenge shingoni, na hapa nyumbani wanasema amekojolewa na buibui. Ni yupi kati ya hawa? Na je, nikipuliza dawa ya mbu watakwisha wote?

JichoLaMdudu

Mkuu, maelezo yako yanafaa kuliko picha nyingi zinazotumwa humu, maana umetaja utando na mayai. Wengi hutaja rangi na ukubwa tu, na hivyo ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Rangi hubadilika ndani ya aina ileile, na ukubwa watu huupima kwa miguu wakati wataalamu huupima kwa mwili.

Naanza na wa tatu kwa sababu ndiye pekee kwenye orodha yako wa kushughulikiwa leo. Huyo ni mjane wa kahawia, kitaalamu Latrodectus geometricus. Kilichomtaja ni vile vifuko vya mayai: mviringo, upana kama sentimita 1, rangi ya maziwa au mchanga, vijimiba pande zote, mfano wa kile kirusi cha korona kilichokuwa kimechorwa kwenye kila bango. Hata kama buibui mwenyewe kajificha, ukiona kifuko cha namna hiyo chini ya kiti ujue mwenye nyumba ni nani. Ukitaka kuhakikisha zaidi, mtege kwenye kopo angavu umtazame kwa chini. Tumboni ana alama ya chungwa au nyekundu, pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mgongoni anaweza kuwa wa rangi ya maziwa, kahawia, kijivu au karibu mweusi, kwa hiyo usimtafute kwa mgongo. Mwili wa jike ni kama milimita 10. Dume ni mdogo sana na hana shida na mtu.

Usimchanganye na buibui mwingine mdogo mwekundu-kahawia anayependa kona za chini za bafu na nyuma ya mlango, Nesticodes rufipes. Huyo mwili hauzidi milimita 5 au 6, utando wake pia ni wa ovyo, lakini vifuko vyake ni laini bila mwiba hata mmoja na tumboni hana zile pembetatu. Wengi wanaokuja hapa na kilio cha "nimeona mjane chooni" wamemwona huyu.

Kumtoa mjane wa kahawia hakuhitaji fundi. Fanya mchana, wakati ametulia mafichoni. Vaa glavu za ngozi au zile nzito za bustanini na viatu vya kufunika. Chukua kijiti cha nusu mita, kizungushe kwenye utando kama unavyozungusha uzi kwenye kibiringo, ukianzia pale penye vifuko. Nyuzi zake ni ngumu kuliko za buibui wengine wa ndani, utazihisi zinavutana na kijiti. Buibui mwenyewe hujikunja na kudondoka kama amekufa, kwa hiyo weka ndoo yenye maji ya sabuni chini ya kiti kabla hujaanza. Vifuko vitumbukize humo au vikanyage kimoja kimoja kwenye sakafu ngumu mpaka vipasuke. Usivitupe jalalani vikiwa vizima: kifuko kimoja kina mayai zaidi ya 100, na jike mmoja hutaga vifuko vingi. Rudia ukaguzi baada ya wiki 2, halafu tena baada ya 2, kwa sababu kila mara kuna kifuko kilichosahaulika, hasa ndani ya uwazi wa miguu ya kiti na kwenye mdomo wa chungu upande unaotazama ukuta. Kagua pia boksi la mita ya maji, chini ya reli ya geti na mpini wa ndoo ya takataka. Kote huko mtu hushika kwa kupitisha vidole chini bila kutazama, na ndivyo watu wengi wanavyong'atwa.

Wa kwanza, yule wa dari, ni wa familia ya Pholcidae. Mwache. Kule kujitikisa ni kinga: anapotetemeka kwa kasi adui hajui mwili uko wapi. Angalia majike utaona mmoja amebeba mayai mdomoni, kifurushi cha vijipunje kilichofungwa kwa nyuzi chache tu, unaweza kuyahesabu. Anakula mbu, na anakula buibui wenzake pia, mjane wa kahawia akiwemo. Ile habari kwamba ana sumu kuliko wote ila meno mafupi haina ukweli.

Wa pili ni Heteropoda venatoria, mwindaji wa usiku. Mtazame usoni kwa tochi: chini ya macho kuna mstari mpana wa rangi ya maziwa unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama amefungwa kitambaa. Mwili wa jike hufika sentimita 2.5 hivi, miguu ikitandazwa sentimita 10 au zaidi. Ile "sarafu" ni mayai yake. Hubeba diski hiyo chini ya kifua mpaka yaanguliwe, na muda huo hali sana na hukasirika upesi. Ukimbana kwa mkono atang'ata, maumivu ya kiasi cha nyuki, basi. Kazi yake kubwa ndani ya nyumba ni mende. Stoo yenye buibui huyu wengi ni stoo yenye mende wengi, kwa hiyo usimlaumu askari.

Wa nne ni buibui mrukaji. Kwa rangi ya kijivu na kupenda ukuta wenye jua, anaelekea kuwa Menemerus bivittatus. Ukiona mwingine mkubwa kidogo, mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, huyo ni dume la Plexippus paykulli. Jike lake ni la kahawia. Wote hawa wana macho mawili makubwa mbele kama taa za gari, ndiyo maana unaona kama wanakutazama. Wanakutazama kweli.

Njia ya haraka ya kukumbuka yote haya ni kuuliza mama amebebaje mayai. Mdomoni, ni wa dari. Diski chini ya kifua, ni yule wa mende. Mpira uliofungwa nyuma ya tumbo unaoburutwa kila aendako, ni buibui wa ardhini wa familia ya Lycosidae, ambaye baadaye hubeba watoto mgongoni. Huyo ukimpiga ndala watoto hutawanyika sakafuni na nyumba nzima hupiga kelele. Kibandiko cheupe, bapa kama karatasi, kilichogandishwa ukutani, ni Selenops, buibui bapa sana, anayekimbia kimbavu kama kaa. Vifuko vya miiba vinavyoning'inia, ni mjane wa kahawia.

NesiZamuYaUsiku

Kuhusu mtoto. Dada au kaka uliyeuliza, buibui hamkojolei mtu. Kinyesi cha buibui ni vile vitone vyeupe na vyeusi unavyoviona vimekaukia ukutani chini ya utando, na havichomi ngozi.

Mstari wenye malengelenge uliotokea usiku kucha, shingoni, karibu kila mara ni kimdudu kinachoitwa Nairobi flai. Ni jamii ya mbawakawa wa kundi la Paederus: mwembamba, urefu chini ya sentimita 1, mwili una vipande vyeusi na vya chungwa vinavyopokezana, mbawa fupi zinazoacha tumbo wazi, na akikimbia hukunja mkia juu kama nge. Hang'ati wala hachomi. Sumu iko kwenye damu yake, inaitwa pederini, na humwagika pale anapopondwa juu ya ngozi. Mtoto amelala, kitu kinatambaa shingoni, anakipangusa kwa kiganja: sumu inafuata njia ya mkono, ndiyo maana ni mstari. Wekundu hauji papo hapo, huchukua saa 12 hadi 48, na kufikia hapo mdudu hayupo ila kuna buibui darini, lawama inamwangukia yeye. Dalili nyingine ni malengelenge mawili yanayotazamana sehemu ngozi inapokunjana, kama ndani ya kiwiko: moja limechapa jingine.

Cha kufanya: osha shingo kwa sabuni na maji mengi, osha mikono yake na kucha, badilisha foronya na shuka. Asikune kisha akashika macho. Sumu ikifika jichoni ni hospitali siku hiyohiyo. Kitambaa chenye maji baridi dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku, hupunguza moto wa ngozi. Usitumbue malengelenge. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala majivu. Kama eneo ni kubwa, lina usaha, au mtoto ana homa, mpeleke kituo cha afya wamwone. Kwa kawaida hupona ndani ya wiki 1 hadi 3 na kuacha doa jeusi ambalo hufifia taratibu.

Vitu vingine viwili huitwa mkojo wa buibui bila haki. Kimoja ni vile vidonda vya mdomoni vinavyokuja baada ya homa, ambavyo ni virusi. Kingine ni mkanda wa jeshi, unaoanza na maumivu ya kuungua upande mmoja tu wa mwili, kisha malengelenge kwa mafungu. Huo usisubiri: dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo.

Kama kweli mtu ameng'atwa na mjane wa kahawia, kwa kawaida ni maumivu ya kuchoma palepale, wekundu na uvimbe kidogo. Sabuni na maji, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 kisha pumzika 10, parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito. Chora kwa kalamu mpaka wa wekundu na uandike saa, ili ujue kama unaenea. Nenda hospitali bila kusubiri iwapo maumivu yanapanda mkono au mguu, tumbo au mgongo unakakamaa, jasho linatoka bila sababu, pumzi inabana, au aliyeng'atwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee. Mkamate buibui kama inawezekana bila kung'atwa tena, hata akiwa amepondeka, mpeleke kwenye kopo. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka liache lilipo.

KandoYaZiwa

Salamu kutoka Kisumu. Kuhusu warukaji, huku upande wa Ziwa Victoria tuko na mmoja wa ajabu sana, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003 baada ya kuchunguzwa Mbita. Urefu kama milimita 5, uso mwekundu. Mawindo anayoyapenda kushinda yote ni mbu wa kike aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu anaipata kwa kumla mbu aliyekwisha kukunyonya. Watoto wake wadogo wanamtambua Anofelesi, yule mbu wa malaria, kwa jinsi anavyotua akiwa ameinua tumbo juu. Kwa hivyo usiue warukaji ovyo.

Hao wa kibarazani lakini mimi ningepuliza dawa ya kopo kwa nguvu na kufunga mjadala. Kugusa gusa na kijiti ni kujitafutia.

JichoLaMdudu

@KandoYaZiwa ahsante kwa huyo wa Mbita, ila Tanga hayupo, ni wa ukanda wa ziwa. Wa Tanga wanakula mbu wakimpata lakini hawachagui.

Kuhusu kupuliza, hapo ndipo watu wanapoharibu. Dawa za kopo humuua buibui zikimlowesha yeye mwenyewe. Zikishakaukia ukutani zinamgusa kidogo sana, maana anatembea kwa ncha za kucha na tumbo liko juu, tofauti na mende anayeburura mwili mzima. Na ukuta wa kifuko cha mayai ni nyuzi zilizosukwa. Dawa inabaki nje, mayai yako salama. Unaua mama, wiki 2 baadaye vitoto vinatoka na kupeperuka kwa nyuzi hadi kiti cha jirani. Mbaya zaidi, ukipuliza ndani utaua wa dari na wa mende kwanza kwa sababu wako wazi, halafu mjane aliye ndani ya mguu wa kiti anabaki bila mpinzani. Kama lazima upulize, umpulizie mjane mmoja mmoja kwa karibu, kisha vifuko uvitoe kwa mkono wenye glavu vilevile. Kijiti hakikwepeki.

KibarazaTanga

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Mtoto ni Nairobi flai, nimemkuta mmoja amekufa kwenye neti, rangi zilezile. Viti nimevikagua: vifuko 11, majike 4, na pembetatu za chungwa nimeziona. Vyote vimekwenda kwenye ndoo.

Maswali matatu yamebaki. Kwanza, kuna buibui anayetajwa sana mtandaoni, mwenye alama ya fidla mgongoni na sumu ya kuozesha nyama. Huku yupo? Nyuma ya maboksi stoo kuna wa kahawia mwenye doa jeusi mgongoni, ana wasiwasi nao mama watoto. Pili, nawazuiaje wasirudi? Tatu, ukutani kuna vijifuko vidogo vya rangi ya saruji kama mbegu ya tikiti, na vinatembea. Ni mayai ya nani?

JichoLaMdudu

La fidla. Kundi hilo linaitwa Loxosceles na Afrika Mashariki limo. Mmoja wao, Loxosceles meruensis, alielezwa mwaka 1910 na jina lake linatokana na Meru, ule mlima wa Arusha. Lakini doa la mgongoni ni kipimo kibovu. Hata wale wa dari wana doa, na ukimkodolea macho buibui yeyote wa kahawia ukiwa na hofu utaiona fidla, na zeze pia.

Hesabu macho. Buibui wengi wana 8. Loxosceles ana 6, katika jozi 3: moja mbele, moja kila upande, na nafasi kati yake. Miguu yake haina pete wala miiba inayoonekana, ni ya rangi moja tu. Tumbo nalo ni la rangi moja, halina michoro. Ukiona miguu yenye pete, umeshamtoa kwenye orodha.

Ili uhesabu bila kuhangaika: mfunike kwa kopo angavu, pitisha kadi ngumu chini polepole ukifuata ukuta usije ukamkata miguu, geuza. Kopo likae kwenye friji dakika 10, sehemu ya kawaida, si ya kugandisha. Atapoa na kutulia kwa dakika 2 au 3. Piga picha tatu: mgongo, uso kwa usawa wa macho yake, na tumbo kupitia kitako cha kopo, rula ikiwa pembeni. Simu isogee mpaka ianze kutia ukungu, kisha irudi nyuma kidogo na ukuze picha kwa vidole. Tochi iwe ya simu nyingine, kutoka ubavuni, maana tochi ya simu ileile hung'arisha kopo na macho hupotea.

Tahadhari moja: kuna buibui mwingine mwenye macho 6 katika jozi 3 anayekaa majumbani, Scytodes, anayetema gundi. Ukimwona kwa ubavu hutamsahau. Sehemu ya mbele imevimba kama kuba, juu kuliko tumbo lenyewe, na mwili una madoa madoa kama yai la kware. Anatembea taratibu mno, anamkaribia mdudu, anatema nyuzi mbili za gundi kwa mikunjo ya zigizaga na kumbandika sakafuni. Kwa mtu hana madhara. Wa stoo kwako, nikikisia kwa maneno, ni mtoto wa yule wa mende, lakini picha ya uso itamaliza ubishi.

Ukipata wa macho 6 aliye wa rangi moja, mwili kama sentimita 1, katikati ya maboksi makavu, basi kung'uta nguo na viatu vilivyokaa muda kabla ya kuvaa, na usilaze mtu sakafuni stoo. Ni mwoga, hung'ata anapobanwa kati ya nguo na ngozi. Kidonda chake mara nyingi hakiumi mwanzoni, hubadilika rangi katika saa na siku zinazofuata. Ila nakubaliana mapema na NesiZamuYaUsiku kabla hajasema: majipu na maambukizi ya bakteria ndiyo yanayosingiziwa buibui mara nyingi, na dawa yake ni tofauti.

Kwa wanaosoma wakiwa vijijini au kwenye nyumba za makuti: yule mnene wa miguu yenye manyoya, anayeinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, mara nyingine wa rangi ya chungwa au dhahabu, ni Pterinochilus murinus au ndugu zake. Huyo usimshike kabisa. Ung'ataji wake unauma sana na unaweza kuleta mikakamao ya misuli. Mvua zikianza madume hutoka kutafuta wake na kuingia ndani. Ndoo juu yake, ubao mwembamba chini, kamwachie mbali.

FundiDari

Najibu la pili. Buibui hafuati nyumba, anafuata chakula. Punguza wadudu, wao watapungua wenyewe.

Anza na taa ya kibaraza. Balbu nyeupe yenye weupe wa bluu juu ya mlango inaita kila kinachoruka. Weka ya njano hafifu, na isogeze mita 2 au 3 kutoka mlangoni. Hapo umewapunguza hata hao Nairobi flai, kwa sababu wao pia wanakuja na taa msimu wa mvua. Vyumbani zima taa kabla ya kufungua dirisha, na neti ichomekwe chini ya godoro mapema, si saa ya kulala.

Silingibodi iliyoachia: usijaze kwa gundi peke yake, itapasuka bati likipata joto. Pigilia kwanza upya kwenye mbao kwa misumari ya sentimita 4, kila baada ya sentimita 20, halafu pitisha ubao wa pembeni. Mwanya unaobaki ujazwe kwa putti. Chini ya mlango, kama kalamu inapita, buibui wa stoo anapita pia. Piga ukanda wa mpira kwa ndani.

Utandabui hautolewi kwa kuufagia. Ufagio wa chelewa ukikokota, nusu unabaki ukutani na vumbi linaugandisha. Funga kitambaa kibichi kwenye ncha ya mti mrefu, kamua kisitiririke, zungusha taratibu toka kona kuja katikati. Utando unajiviringisha wenyewe. Anza juu, malizia chini. Chumba cha kulala mara moja kwa wiki kinatosha. Stoo panga maboksi juu ya mbao, si sakafuni, na acha nafasi ya shubiri moja kati yake na ukuta ili upate pa kuingiza tochi. Boksi la karatasi lililolowa litupe, hilo ni mji wa mende.

JichoLaMdudu

Namalizia la tatu. Hayo si mayai ya buibui. Ni kiwavi wa nondo mdogo, kundi la Phereoeca, ndani ya mfuko aliojisukia kwa hariri na kubandika mchanga na vumbi la ukuta wako. Ndiyo maana una rangi ya saruji yako hasa. Nyumba iliyopakwa rangi ya kijani huwa na chembe za kijani. Urefu ni kama sentimita 1, bapa, katikati pana, na una mlango kila ncha. Mweke kwenye karatasi nyeupe usubiri dakika chache bila kutikisa: kichwa cheusi kitachomoza upande mmoja, kitashika karatasi na kuvuta mfuko. Ukimzuia kwa kijiti, hageuzi mfuko. Anajigeuza ndani na kutokea mlango wa pili.

Chakula chake ni utandabui wa zamani, nywele, sufu na wadudu waliokauka. Kwa hiyo wakiwa wengi ukutani, juu yao kuna utando ambao haujaondolewa kwa muda mrefu, kwa kawaida nyuma ya kabati au juu ya fremu ya mlango. Kitambaa kibichi cha FundiDari kipitishe huko, vifuko uvikusanye kwa mkono tu, havina madhara.

Na ukikuta bonge la udongo mkavu kama kidole gumba chini ya bati la kibaraza, usilivunje ukidhani ni la mchwa. Ni la nyigu mweusi mwenye manjano, Sceliphron. Kila chumba ndani yake kimejaa buibui waliodungwa wakapooza, hai bado, wakisubiri kuliwa na buu. Lililotobolewa tundu la mviringo, wenyewe wameshatoka, libandue kwa mwiko.